Nusu ya Bukuru

"Umemwekea nani hiyo, mama?"

Hilo ndilo swali lililobaki hewani ukurasa ulipotuishia wiki jana, na Klementina hajalijibu mpaka sasa. Kama gazeti lako lilikwenda kufungia dagaa kabla hujalisoma, usijali, mambo yenyewe ni haya. Klementina ni mpishi katika Hoteli ya Ushirika ya akina mama, pale Ujiji. Mteja mgeni alimkaribisha andazi. Klementina akalipokea, akalimega katikati, nusu akaiweka pembeni ya sahani, nusu akaipeleka mdomoni. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama wewe unavyopiga mwayo.

Balaa! Maana mgeni huyo alikuwa amefika Ujiji kumtafuta mwanamke anayemega hivyo hivyo.

Sasa alikuwa ameegemea kiti, anatabasamu, na ndani ya tabasamu lake linang'aa jino la dhahabu.

Klementina alilijua jino lile. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na mtu mmoja, Nikodemu Kapita, bwana mkubwa wa magendo, ambaye aliwatia watu wake wote jino la dhahabu kama ng'ombe wanavyotiwa chapa. Kapita alifungwa kwa ulimi wa Klementina, enzi hizo akiitwa Marsiana. Askari mmoja alimuuzia jina lake, na siku anaingia gerezani Kapita aliapa kwamba atamtafuta hata chini ya ziwa. Sasa habari zilikuwa zimevuka maji kwamba Kapita ametoka, na huyu hapa mtu wake, anachovya andazi kwenye chai bila wasiwasi wowote.

"Nakuuliza kwa wema tu," mgeni akarudia. Alijitaja kwa jina la Telesphory, muuza vitenge, ingawa hapakuwa na mtu aliyewahi kukiona kitenge chake hata kimoja. "Hiyo nusu. Ya nani?"

Klementina akafungua mdomo.

Nyuma yake mwiko ukaanguka chini kwa kishindo. Ulikuwa wa Mama Eufrasia, mkaanga maandazi, Mha wa Kasulu mwenye uso usiocheka hata arusini. Alikuwa amemkodolea macho mgeni kana kwamba amemwona akitemea mate kwenye unga.

"Ya kwangu hiyo!"

Mkono ukapita katikati yao, ukainyakua ile nusu, nusu ikapotea kinywani. Mwenye mkono alikuwa Mwanvua, mhudumu wa hoteli, Mmanyema, mtoto wa mjini Ujiji kwa baba na kwa mama, mdomo wake haujui likizo.

"Kila siku ananiwekea," Mwanvua akasema huku anatafuna. "Anajua njaa yangu ni ya kurithi. Na wewe shemeji, umekuja kula au umekuja kutuhesabu?"

Telesphory akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Akasimama. Suruali yake ya bugaluu ilikuwa pana kiasi cha kufagia sakafu, na viatu vyake vya raizoni vilimwinua juu mpaka akalazimika kuinama mlangoni.

"Nitarudi mchana," akasema. "Tutakula wote, mama. Nitakukaribisha tena."

Akaenda zake, ko, ko, ko, akitafuta sigara.

*

Mgeni hajamaliza hata kuvuka barabara, Klementina alikwisha kuingia jikoni, anakusanya vitu vyake kwenye kikapu.

"Safari ya wapi?" Mwanvua akauliza.

"Simbo."

"Simbo kuna nini?"

"Kuna mashamba. Nitaandikishwa kijijini, nitapewa jembe, nitalima kimya kimya."

"Wewe? Jembe? Juzi tu kwenye shamba la ushirika ulilima mguu wako mwenyewe, tukakubeba!"

"Mwanvua, niache! Yule mtu akishapata hakika kuwa ni mimi, bwana wake atavuka. Bwana wake akivuka, mtauliza Klementina yuko wapi na hakuna atakayewajibu!"

Mama Eufrasia akaliepua karai motoni. Akajifuta mikono taratibu.

"Anakutafuta kwa sababu wewe ni pacha," akasema.

Klementina akaacha kupanga kikapu. Tangu afike Ujiji amewaambia watu wote kwamba alizaliwa peke yake, hana ndugu, hana jamaa. Hata mumewe Selestini, gadi wa treni, mtu mwema asiyeuliza sana, anajua hivyo hivyo.

"Nani kakwambia?"

"Aniambie nani? Nina macho. Siku ya kwanza ulipoingia hapa nilikupa muhogo. Ukaumega, ukaweka nusu. Nikasema moyoni, huyu ni pacha na mwenzake hayupo. Muuza mkaa anajua. Mama wa kuteka maji anajua. Waha wote wa mtaa wa Buzebazeba wanajua."

"Na hamkuniuliza hata siku moja?"

Mama Eufrasia akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hatembei uchi sokoni.

"Pacha aliyepotelewa haulizwi! Ukimuuliza nusu hiyo ya nani, umemwita aliyekufa aje kula. Mtu mwenye adabu anauliza hivyo? Ndiyo maana mwiko ulinitoka. Nikasema huyu mwenye jino ametoka wapi, hana mama?"

Klementina akakaa juu ya gunia la mkaa. Machozi yakamtoka. Kumbe siri aliyoibeba miaka yote kama debe la mawese kichwani, akiogopa kumwaga hata tone, watu walikuwa wanaiona vizuri tu na wanampisha njia.

"Ngojeni," Mwanvua akasema. "Ngojeni kwanza. Mimi sikujua. Mimi Mmanyema, mambo yenu ya Kiha mnaniambia lini? Kwa hiyo zile nusu zote ninazokula kila siku zilikuwa za marehemu?"

"Ndiyo," akasema Mama Eufrasia.

"Na mnanitazama tu!"

"Ulikuwa unashiba."

Hata Klementina, katikati ya machozi, alicheka. Ndipo akafunguka. Alifunguka haraka, kama mtu anayetapika, maana alijua akisita hatasema tena.

"Anaitwa Bukuru. Mimi ndiye Butoyi."

Kwa wasomaji wa pwani wasiojua: Mha akizaa mapacha, anayetangulia kutoka ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, na padri akija na majina yake ya ubatizo anayaweka juu ya hayo. Padri aliwapa Margareta na Marsiana. Nyumbani walibaki Bukuru na Butoyi.

"Baba alituhamishia ng'ambo tungali wadogo," Klementina akaendelea. "Huko Bukuru akaolewa na Kapita. Kapita alimpiga. Asubuhi anampiga, jioni anamletea kitenge. Siku aliyomvunja mkono, nilikwenda kwa askari nikawaonyesha ghuba ambako mitumbwi yake yenye dhahabu ya magendo ingefikia. Wakamkamata. Sikumwambia mtu. Hata Bukuru mwenyewe sikumwambia. Nilimwambia tu, mumeo kakamatwa, dada, tukimbie kabla hawajaja kutukamata na sisi. Tukapanda mtumbwi. Upepo ukatushika katikati ya maji, tukapinduka. Mimi nilishika debe tupu. Yeye sikumwona tena."

"Mwili?" akauliza Mama Eufrasia, kwa sauti ya chini.

"Haukuonekana. Kwa hiyo hakuna wazee walioniachisha kuweka nusu. Mama alitulea hivyo: pacha hali kitu kizima. Ukila cha mwenzako, mwenzako ataugua huko aliko. Sasa kama yuko hai je? Mimi nile nusu yake?"

Klementina alimpenda dada yake kuliko alivyojipenda mwenyewe, na kwa sababu ya kumpenda huko alikuwa anaweka nusu, na kwa nusu hiyo sasa alikuwa karibu kupoteza roho.

Mwanvua akapenga kamasi kwa upindo wa kanga. Kisha macho yake yakaanza kucheza. Wanaomjua Mwanvua wakiona macho hayo huwa wanaondoa watoto.

"Mtu yule anamtafuta mwanamke anayeweka nusu, siyo?"

"Ndiyo."

"Basi atamwona," Mwanvua akasema. "Atamwona mpaka achoke."

*

Mchana hoteli ilijaa. Wavuvi, wachukuzi, mwalimu wa elimu ya watu wazima na chaki yake sikioni. Telesphory aliingia, akachagua meza ya katikati. Akaagiza ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka, na juu ya hayo akaagiza andazi, jambo ambalo Mama Eufrasia hakuwahi kuliona tangu ajue kukaanga.

"Karibu, mama," akamwambia Klementina, andazi mkononi. "Kula nami."

Kukataa chakula cha mgeni ni kujitangaza. Klementina akalipokea. Akalimega. Akaweka nusu pembeni.

Macho ya Telesphory yakawaka. Akainama mbele, akafungua kinywa kusema neno.

Mwanvua akaketi mbele yake, puu! Ana andazi lake. Akalimega, akaweka nusu pembeni.

Telesphory akafunga kinywa.

Akatoka Mama Eufrasia jikoni, uso wa mawe. Akamega, akaweka nusu. Akaja mama wa kuteka maji. Akamega, akaweka nusu. Mwalimu akakohoa kidogo, akakata tonge lake sawasawa kama anagawa shamba, nusu akaiweka ukingoni. Kwenye meza ya kona alikaa Martini, mvuvi mkubwa wa kimo na wa tumbo, ambaye hajawahi kumwachia paka hata kichwa cha dagaa. Mwanvua akamtolea jicho. Martini akashusha pumzi kama mtu anayeaga ndugu, akamgawa mgebuka wake vipande viwili, akaweka kimoja mbali na macho yake.

Mnong'ono wa kumega ukaenea hoteli nzima.

"Hii," Telesphory akauliza, jasho linamtoka, "hii ni nini?"

"Ujamaa, bwana," Mwanvua akamjibu. "Kula nusu, weka nusu. Kwenu bado?"

"Lakini mimi namtafuta mmoja!"

"Mmoja hatuna. Tuko wote."

Watu wakaangua kicheko. Telesphory akapiga meza kwa ngumi, mchuzi ukaruka.

"Akina mama, msinichezee! Nimetoka mbali, na meli inaondoka leo! Nani kati yenu..."

Filimbi ikalia mlangoni.

Akaingia Elieza, kiongozi wa vijana wa chama pale mtaani, kijana mkavu mwenye mkasi wa fundi cherehani. Nyuma yake vijana wengine wenye miili ya kubeba magunia. Msomaji, usiniulize nani aliwaita. Mwanvua alikuwa anatazama dari.

"Ndugu," Elieza akasema, "suruali hiyo ya nani?"

"Yangu."

"Na kitambaa kilichobaki ni cha nani? Maana hapo naona suruali mbili na pazia."

"Ebo! Niacheni! Mimi ni mfanyabiashara!"

"Akina mama wanapanga foleni ya kitambaa dukani, wewe unafagia nacho barabara. Mshikeni."

Wakamshika. Raizoni moja ikamtoka, akawa anachechemea kama kuku. Mkasi ukaanza na mguu wa kushoto, kwacha, kwacha. Wavuvi walikuwa wamesimama juu ya viti waone vizuri. Mwanvua alicheka mpaka akashika ukuta. Klementina naye, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akavuta pumzi mpaka chini. Watampeleka ofisini, watamwandika, watamtoza, watampeleka sijui wapi, na kabla hajarudi, Klementina na Selestini watakuwa wamekwisha kukamata treni ya Tabora. Akaanza kupanga moyoni atachukua sufuria zipi.

"Basi!" Telesphory akapiga ukelele. Mkasi ulikuwa umefika gotini. "Basi nawaambia wote, atakayesikia asikie! Bukuru amesema hivi: Nusu yako ipo!"

Sahani ikamponyoka Klementina, ikapasuka vipande vipande.

Maneno yale hayakuwa ya mtu mwingine duniani. Walipokuwa watoto, mmoja akichelewa kwenye kuni au maji, akirudi amechoka na ana njaa, wa kwanza kumpokea ni mwenzake, na neno la kwanza ni hilo: Nusu yako ipo. Hawakuwahi kumwambia mtu. Hata mama yao alikuwa halijui.

"Nani kakutuma?" Klementina akauliza.

Mwanvua akafumba macho. Hoteli nzima ilikuwa imejitahidi, na mwenyewe amejifichua kwa swali moja.

"Si yeye mwenyewe!" Telesphory alikuwa karibu kulia. "Tangu asubuhi nakuuliza! Aliniambia, hakikisha anamega, hakikisha anaweka, kisha muulize anamwekea nani. Akisema Bukuru, mpe maneno yale. Mwingine usimwambie, kwa sababu anatafutwa na watu wabaya. Mimi nikaja, nikakuta mji mzima unamega! Ningefanya nini?"

Loo! Yaani ujanja wote ule, maandazi yote yale, na mgebuka wa Martini masikini, walikuwa wanamfungia mlango mjumbe wa Bukuru!

"Yuko hai?" Klementina akamshika kola. "Sema! Yuko hai?"

"Yuko hai. Yuko gatini Kigoma, amekaa kwenye kivuli cha ghala. Anakwenda kusini na meli hii ya leo."

"Mbona hakuja mwenyewe?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Eufrasia.

"Mguu wake mbovu, mama, tangu siku ile ya mtumbwi. Hatembei mbali."

"Na jino hilo?"

Telesphory akaziba mdomo kwa mkono. "La zamani," akasema. "Watu wale tuliachana."

Mama Eufrasia akamgeukia Klementina. "Mwanangu, Selestini anarudi na treni jioni. Mngoje, mwende wote wawili."

"Jioni meli itakuwa imeondoka!"

"Haraka haraka haina baraka. Mimi mambo haya siyaelewi. Mtu anayekupenda hakuulizi..."

"Mama Eufrasia, ni Bukuru! Ni dada yangu! Damu nzito kuliko maji!"

Akaichukua ile nusu ya andazi iliyokuwa bado pembeni ya sahani ya mgeni. Akaifunga kwenye upindo wa kanga, akalikaza fundo mara mbili. Kisha akatoka mbio, kichwa wazi, viatu jikoni.

"Klementina!" Mwanvua akaita. "We Klementina! Jino! Fikiria jino!"

Wewe msomaji unalifikiria, najua. Klementina alikuwa amekwisha kulisahau.

*

Lori la ushirika lilikuwa linaondoka sokoni na shehena ya madebe ya mawese. Dereva hakumkatalia, nani angemkatalia mwanamke anayelia na kucheka kwa wakati mmoja? Akapanda juu, akasimama katikati ya madebe, mawese yanamrukia kanga, naye hajali. Walipopita Rusimbi alikuwa anaimba. Watu wa barabarani wakampungia mikono, naye akawapungia wote, watu asiowajua, tena yeye ambaye miaka yote hupita Rusimbi amejifunika mpaka puani.

Njiani alipanga maneno. Atamwambia kwanza habari za Selestini. Atamwambia wanaishi Buzebazeba, nyumba ya bati, na chumba cha uani kiko wazi. Halafu, wakishakula, wakishashiba, atamwambia lile ambalo hakuwahi kumwambia: Mimi ndiye niliyemfungisha mumeo. Nilifanya kwa ajili ya mkono wako. Bukuru ataelewa. Bukuru asipoelewa ataelewa nani?

Akashuka gatini. Abiria walikuwa wengi, magunia ya dagaa, mabata, mikeka, masanduku ya mabati yenye kufuli. Meli imetulia pale, moshi unapanda. Klementina akapenya, samahani mama, hodi baba, akaelekea kwenye ghala.

Akamwona.

Mwanamke ameketi juu ya sanduku, uso ameuelekeza ziwani. Amenenepa kidogo. Lakini shingo ni ile ile, na namna ya kujikuna nyuma ya sikio kwa kidole kidogo ni ile ile. Nyuso zao hazikufanana tangu utotoni, lakini kwa nyuma ilikuwa kama kujiona mwenyewe kwenye kioo cha dukani kabla hujajijua kuwa ni wewe. Klementina alitaka kupiga kelele, akajizuia amtazame kwanza. Akasimama nyuma ya rundo la magunia, mkono kifuani, ameshika fundo la kanga.

Bukuru akafungua kitambaa mapajani. Akatoa andazi. Akalimega katikati.

Machozi yakamziba Klementina macho, akayafuta kwa nguvu ili asipitwe. Alitaka kuona. Miaka yote ameweka nusu, na hajawahi tena kuona mtu akimwekea yeye. Sasa ataiweka pembeni, akasema moyoni. Sasa hivi. Ile ni yangu ile.

Bukuru hakuiweka pembeni.

Alinyoosha mkono upande wa kushoto, akampa mtu aliyekaa naye kwenye kivuli, mwanamume mwenye mabega mapana, amevaa kofia, amegeuza mgongo. Mwanamume akaipokea bila kutazama, kama mtu aliyezoea. Akaitia yote kinywani. Kisha akageuka kupangusa makombo begani, na jua likampata mdomoni, jino la dhahabu, na la pili, na la tatu, safu nzima.

Kapita.

Klementina akataka kurudi nyuma, akamgonga mtu. Akageuka. Alikuwa Telesphory, amewaponyoka vijana wa mkasi, mguu mmoja wa suruali umekatwa gotini, anahema, baiskeli ya mtu imelala miguuni pake. Hakuwa analia tena. Akatabasamu, akamziba njia.

Bukuru akasikia purukushani. Akainua macho, akamwona Klementina, na macho yake hayakushtuka hata kidogo. Akamgusa Kapita gotini. Kisha akapunga mkono kumwita pacha wake, na sauti ikatoka ile ile ya utotoni, ile ya kumpokea mtu aliyechoka na mwenye njaa.

"Butoyi," akasema, na Kapita bado anatafuna. "Njoo. Nusu yako ipo."